Zulia la Maua la Bwana Saadi

Siku hiyo Muhidini alikuwa stendi ya Kibiti akiuza miwani ya kusomea kwa watu ambao hawakuwa na la kusoma, ndipo alipomwona Bwana Saadi akimwonyesha simu yake muuza korosho. Muuza korosho alitazama, akatikisa kichwa. Bwana Saadi akamwendea kondakta wa basi la Lindi. Kondakta akaishika simu, akaigeuza juu chini, akairudisha. Sasa, mtu mzima mwenye duka la saruji na mabati, nyumba mbili za wageni na ukumbi wa harusi ambao rangi yake haijakauka, akionekana anazunguka stendi saa nne asubuhi kuuliza kila mtu swali moja, maana yake kuna kitu anakitaka kwa moyo wote na hajui kinapatikana wapi. Muhidini aliwajua watu wa namna hiyo. Ndio waliomlisha miaka kumi na sita.

Tumtendee haki Muhidini. Hakuwa mvivu. Mkuranga alikuwa fundi wa meno ya bandia, Ikwiriri alikuwa mtaalamu wa kurudisha simu zilizoibiwa, na Utete aliwahi kuandikisha watu majina kwa ajili ya semina ambayo mpaka leo haijafanyika. Kazi zote hizo alizianza kwa adabu na kuzimaliza kwa mbio. Na hapo ndipo penye taabu yake: alikuwa amechoka miguu. Umri ulikuwa umefika thelathini na minane, goti la kushoto linalia akipanda ngazi, na kitu kimoja tu alikitaka duniani, nacho ni bajaji. Mwenye bajaji hana haja ya kumfuata mtu na kumdanganya. Anakaa chini ya kivuli chake mwenyewe, na watu wanampungia mkono.

Na Bwana Saadi alikuwa nayo bajaji. Nyekundu, mpya, imeegeshwa uani kwenye ukumbi wake, viti bado vina nailoni. Aliinunua kwa sababu alisikia mwenzake wa dukani amenunua, halafu akakosa dereva wa kumwamini, maana yeye hakumwamini mtu yeyote ila wale waliomwibia.

"Shikamoo, Bwana Saadi."

"Marahaba. Sinunui miwani."

"Wala sikuuzii. Nimekuona unahangaika na picha, nikasema labda macho yangu yatakufaa."

Bwana Saadi akampa simu. Kwenye picha palikuwa na uwanja wa hoteli moja ya Dar, na uwanja wote, kuanzia kwenye njia hadi ukutani, ulikuwa umefunikwa na majani mafupi yaliyotambaa chini yakashikamana, na juu yake vishada vidogo vya maua ya zambarau.

"Nilikwenda kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu," akasema Bwana Saadi. "Wanawake walipoona hiki kitu walisahau kumtazama bibi harusi. Na miye Zuena wangu anaolewa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, ndiyo harusi ya kwanza ukumbini kwangu. Nataka hiki hiki. Nimempelekea bwana shamba, akakitazama kwa makini sana, akasema ni ua."

"Hakukosea."

"Nikatia ile programu ya simu inayotambua mimea. Picha ya kwanza ikasema jamii ya mnanaa. Ya pili ikasema kabichi. Ya tatu kidole changu kiliingia kwenye picha, ikasema tangawizi."

Muhidini hakucheka. Alichagua miwani moja kati ya zile alizoning'iniza shingoni, akaivaa, akaitazama picha kwa muda ambao mtu mwenye elimu angeitazama. Lakini moyoni alikuwa anaruka, kwa sababu mmea ule aliujua. Alikuwa ameukanyaga wiki mbili zilizopita.

Aliukanyaga kijijini Mahege, nyumbani kwa Bi Mwanahalima, alipokwenda kumjaribu na miwani. Bi Mwanahalima alikuwa mama wa makamo, kungwi wa wasichana na muosha maiti za wanawake. Aliwapokea wanawake wakielekea kuolewa na akawaaga wakielekea kuzikwa, na katikati hapo hapakuwa na siri ya mtu asiyoijua. Miwani hakununua. Lakini nyuma ya bafu lake, pale maji ya kuogea yanapotokea, palikuwa pametandwa majani hayo hayo na maua hayo hayo, eneo la kutosha kuanika mpunga wa kaya mbili. Muhidini, kwa kuwa alihitaji sababu ya kuendelea kukaa kivulini, aliuliza ni nini kile.

"Chuma shina lake, liviringishe vidoleni," Bi Mwanahalima alimwambia. "Unasikia? Lina pembe nne. Mrehani shina lake hivyo, kivumbasi hivyo, mnanaa hivyo. Wote hao ukoo mmoja. Sasa fikicha jani unuse."

Muhidini alifikicha, akanusa. Lilinuka kidogo mnanaa, kidogo udongo uliolowa. Alipouliza jina, yule mama alijibu, "Jina ndilo nisilolijua. Miye nalimwagia maji tu."

Basi pale stendi Muhidini akavua miwani, akaikunja taratibu.

"Bwana Saadi, simu yako ilisema kweli mara ya kwanza, kisha ikaona haya. Hili ni Zulia la Maskati. Linatambaa kwenye nyua za watu wakubwa kule Omani, na halitoki nje ya nchi ila kwa mtu anayejuana na mtu."

"Na weye unajuana na mtu?"

Muhidini alitazama kushoto na kulia, akapunguza sauti. "Tuzungumze ukumbini kwako. Hapa pana masikio."

Kesho yake alifika ukumbini na boksi la tende lenye maandishi ya Kiarabu, lililobaki tangu Ramadhani. Ndani mlikuwa na kitambaa kibichi, na ndani ya kitambaa mlikuwa na shina moja lenye ua, alilolichuma alfajiri nyuma ya bafu la Bi Mwanahalima bila kubisha hodi. Alilifunua polepole, akamtaka Bwana Saadi anawe mikono kwanza.

"Kuna la bandia linauzwa Mbagala," akasema. "Kulitambua ni rahisi kwa mtu mwenye akili. La bandia shina lake ni mviringo. Viringisha hili mwenyewe."

Bwana Saadi akaviringisha. Uso wake ukafunguka. "Pembe nne!"

"Umesema mwenyewe. Mimi sijafungua mdomo."

Kuanzia hapo Bwana Saadi alijidanganya peke yake na Muhidini akabaki kuitikia. Alitaka uwanja wote utandikwe. Alitaka tena mbegu asiipate mtu mwingine kutoka Mbagala hadi Lindi, kwa sababu ameshapiga hesabu kwamba harusi ikiisha atawauzia kumbi nyingine shada kwa shada. Alipouliza bei, Muhidini akasema hataki pesa. Bwana Saadi akashtuka, maana mtu asiyetaka pesa ni wa kuogopwa.

"Pesa itanipa majaribu," Muhidini akaeleza, na hilo lilikuwa kweli. "Nipe ile bajaji. Imekaa tu inaliwa na jua."

Wakakubaliana hivi: maua yatandikwe, na Alhamisi kabla ya harusi, wanawake wakija kuutazama ukumbi na kuusifu, hapo hapo Muhidini anakabidhiwa bajaji na kadi yake. Si kabla. Bwana Saadi alijua kwamba ukumbi unajengwa kwa matofali lakini unasimama kwa midomo ya wanawake.

Ikabaki kuyapata maua. Muhidini alikwenda Mahege na panga, jembe na uso wa huruma.

"Bi mkubwa, nimekosa usingizi kwa ajili yako," akamwambia Bi Mwanahalima. "Lile jani la nyuma ya bafu nimeambiwa linafuga nyoka. Mama wa watu unakwenda kuoga na kandambili, gizagiza. Nimekuja kulitoa, bure kabisa, thawabu yangu iko kwa Mungu."

Bi Mwanahalima alimtazama. Alitazama panga, akatazama kirikuu ya mizigo iliyosimama njiani na injini inayonguruma.

"Nyoka, mwanangu?"

"Swila, Bi mkubwa."

"Maskini miye! Na miaka yote hii nayamwagia maji." Akashika shavu. "Basi litoe, baba. Litoe lote. Na utalitupa wapi?"

"Mbali."

"Tupa mbali," akasema Bi Mwanahalima, akaingia jikoni kumchemshia chai.

Muhidini alilikata lile zulia vipande vipande pamoja na udongo wake, kama mtu anavyokata mkate wa kumimina. Haikuwa kazi ndogo. Kila kifundo cha shina kilikuwa kimetoa mizizi, na kila mzizi umeshika ardhi kwa nguvu zake zote, mpaka goti la kushoto likamkumbusha umri. Alipokuwa anaondoka, mama yule alimfungia maandazi ya njiani, na Muhidini akasikia kitu kikimchoma kifuani. Alikuwa na roho nzuri, jamani, ila hakuwa na nafasi ya kuitumia. Akampa miwani moja ya bure. Bi Mwanahalima akaivaa, akamtazama tena vizuri zaidi, akashukuru.

Uwanja wa Bwana Saadi ulitandikwa kwa siku mbili, milango imefungwa, maboksi ya tende yamepangwa barazani pale ambapo mwenye ukumbi angeyaona. Maua yalishika kana kwamba yalizaliwa pale. Wiki tatu zilizofuata Muhidini aliyamwagilia asubuhi na jioni, na akimaliza alikaa kwenye kiti cha dereva cha bajaji, bila ufunguo, akishika usukani ili mikono izoee. Aliamua ataipaki karibu na soko, upande wa kivuli. Aliamua hatawadanganya abiria, au akiwadanganya iwe kidogo tu. Sijawahi kusikia mtu aliyetubu kwa furaha namna ile.

Kosa lake lilikuwa la kiume. Alikuwa amechunguza mali yote ya Bwana Saadi, maduka, nyumba, hata deni la msikiti, lakini hakufikiri kuuliza kungwi wa Zuena ni nani.

Alhamisi ikafika. Saa tisa mchana wanawake kama kumi na watano walikuja kwa pamoja, kanga zimenyooshwa, manukato yametangulia, na mbele yao, akiwa na miwani puani, alikuwa Bi Mwanahalima wa Mahege. Muhidini alikuwa amesimama karibu na bajaji. Alijibanza nyuma yake, lakini bajaji haina mahali pa kujibanzia.

Bi Mwanahalima alifika kwenye lango, akaona uwanja, akasimama. Wote nyuma yake wakasimama. Akavuta kanga akajifunika kichwa mpaka kipajini.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiuni," akasema. Halafu, kwa upole: "Saadi baba, mmemzika nani hapa?"

Bwana Saadi alikuwa na tabasamu lililoandaliwa tangu asubuhi, na ilichukua muda likaondoka.

"Hatujazika mtu, Bi Mwanahalima! Hapa ni ukumbi wa harusi!"

"Mbona mmepafunika na ua la makaburi?"

Kanga kumi na tano zikasogea nyuma hatua moja.

"Hili ndilo wanalopanda Maparoni," akaeleza Bi Mwanahalima, si kwa kulaumu, kwa kuelimisha tu. "Kule deltani maji yakipanda yanachimbua makaburi. Basi marehemu akishazikwa wanampandia hili. Mizizi yake inashika udongo, maji yanapita juu, mtu analala salama. Na kwa kuwa ni bichi siku zote, linamtakia rehema. Ni ua jema sana. Lakini si la kuchezea ngoma."

Sasa, katika wanawake wale hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kufika Maparoni. Lakini hapakuwa pia na mmoja aliyekuwa tayari kuonekana hajui mila.

"Kweli kabisa," akasema mama mmoja aitwaye Habiba, jirani wa Bwana Saadi. "Hata bibi yangu kaburi lake lilikuwa nalo."

"Na mjomba wangu," akasema mwingine.

"Siye kwetu lilikuwa na maua meupe."

"Yale meupe ni ya watoto," akasema wa nne, na wote wakaitikia kwa huzuni.

Bwana Saadi akageuka. Jicho lake lilimtafuta Muhidini, likampata. "Weye! Uliniambia Maskati!"

Hapa Muhidini alikuwa na maneno mengi, maana hakuwahi kukosa. Akatoka nyuma ya bajaji akiwa na heshima zake zote. "Bwana Saadi, mama zangu, hili linafanana tu na hilo la makaburini. La Maskati lina alama yake. Shina lake..." Akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa.

Bi Mwanahalima alikuwa ameshainama langoni, amechuma shina, anampa Habiba aliviringishe. "Lina nini, mwanangu?"

"Pembe nne," akasema Habiba, akalitupa, akajifuta kidole kwenye kanga.

"La Maparoni lina pembe nne," akasema Bi Mwanahalima. "Lakini huenda kijana huyu anasema kweli, tusimdhulumu. Kama limetoka Maskati si la makaburi yetu, na harusi iendelee. Msikiti uko pale. Na ale yamini mbele ya watu kwamba ua hili hakulichimba kwenye ardhi ya nchi hii, yaishe."

Muhidini aliitazama bajaji. Ilikuwa nyekundu kupita siku zote. Angeweza kusema, huyu mama ni mwongo, maua haya nimeyang'oa nyuma ya bafu lake! Ilikuwa kweli tupu, na katika miaka yake kumi na sita hakuwahi kushika mkononi maneno yaliyoweza kumponza zaidi. Na yamini hangekula. Alishadanganya kwa mdomo, kwa simu, kwa mhuri na kwa kilio, lakini msahafu hakuwahi kuugusa kwa uongo, kwa sababu alimwona mjomba wake akiugusa, na aliona mdomo wa mjomba ulivyokwenda upande mwaka huo huo.

"Huko Maskati," akasema mwishowe, "yawezekana nao walidanganywa na mtu waliyemwamini."

Wanawake wakasonya kwa pamoja. Bwana Saadi akashika kichwa. Harusi ilikuwa Jumapili, wageni mia tatu, na kabla ya magharibi Kibiti yote ingejua kwamba ukumbi wake una makaburi. Na kwa mara ya kwanza tangu stendi Muhidini alimwonea huruma mtu huyu, ambaye alikuwa na binti mmoja tu.

"Bi Mwanahalima, mama yangu, tufanyeje?"

"Yatolewe tu. Ila hayatupwi jalalani. Yanarudishwa kwenye udongo kwa adabu, na anayejua adabu zake ni muosha maiti. Nitayachukua miye. Nitafutieni chombo."

Dereva mmoja wa kirikuu, aliyekuwa amesimama barabarani akisikiliza, aliwasha gari akaondoka bila kuaga. Bwana Saadi akatazama huku na huku. Uwanjani palikuwa na chombo kimoja tu.

"Chombo kikishayabeba haya," akasema Bi Mwanahalima kwa masikitiko, "sijui nani atakipanda akienda harusini."

"Kisirudi!" akapiga kelele Bwana Saadi. "Sikitaki tena hapa!"

Muhidini hakuamini bahati yake. Akasogea mbele ameinamisha kichwa. "Bwana Saadi, kosa ni langu. Acha mimi niubebe mzigo huo. Nitakiendesha mimi, na nitakaa nacho mimi, na nuksi yake iwe juu yangu."

"Kiendeshe! Nisikuone tena!"

Basi Muhidini akayang'oa maua yale kwa furaha ambayo ilimbidi aifiche. Aliinama, akakata, akapakia, jasho linamtoka, goti linalia, wala hakusikia. Hakusikia pia, barazani, Bi Mwanahalima akimwambia Bwana Saadi kwamba si vizuri chombo kibebe vitu vile huku karatasi zina jina la baba wa bibi harusi, wala kalamu ya Bwana Saadi ikikimbia juu ya hati ya mauziano, mashahidi wakiwa Habiba na shangazi wa Zuena.

Safari ya Mahege ilikuwa saa nzuri kuliko zote katika maisha ya Muhidini. Bajaji ilinguruma vizuri. Nyuma Bi Mwanahalima alikaa katikati ya maua, mikono mapajani, anatazama mikorosho inavyopita.

"Bi mkubwa," akasema Muhidini, ameshindwa kujizuia, "nakuvulia kofia. Ulijuaje?"

"Zuena alikuwa kwangu anafundwa. Akaniambia baba yake analetewa maua ya zambarau kutoka Maskati. Kesho yake ukaja weye na panga."

"Na kule Maparoni, ni kweli wanalipanda makaburini?"

"Miye Maparoni sijafika," akasema Bi Mwanahalima. "Naogopa maji."

Muhidini alicheka mpaka bajaji ikayumba. Alijiona amepata mtu wa kwao. Walipofika, kijana wa yule mama, Ismaily, mtu mzima mwenye leseni na asiye na kazi, alitoka ndani akaizunguka bajaji, akapiga teke gurudumu, akanyoosha mkono. Bi Mwanahalima akauchomoa ufunguo, akampa.

"Bi mkubwa, hiyo ni yangu," akasema Muhidini. "Amesema nikae nayo."

Bi Mwanahalima akatoa karatasi kifuani, akaikunjua. "Soma, baba. Weye ndiye mwenye miwani."

Muhidini akasoma. Jina la Mwanahalima binti Mshamu lilikuwa pale, limeandikwa kwa herufi kubwa na mkono uliokuwa na haraka. Alirudia kusoma, akavaa miwani, akasoma tena.

"Nitakwenda kumwambia Bwana Saadi!"

"Mwambie. Anza na lile la Maskati, halafu umalizie na la bafuni kwangu."

Muhidini alitaka kukasirika, lakini alichokiona moyoni kilikuwa uchovu tu, uchovu wa miaka kumi na sita ya mbio. Kisha Bi Mwanahalima akampa jembe, na hata Muhidini mwenyewe hakujua kwa nini alilipokea. Akayarudisha maua nyuma ya bafu, kipande kwa kipande, akayashindilia kwa miguu. Akapewa wali na samaki, akala. Kabla hajanawa, bodaboda mbili zilifika, zikawashusha Habiba na mwenzake, wamekuja kuomba mashada ya makaburi ya kwao, maana waliona aibu kwamba miaka yote wameisahau mila. Bi Mwanahalima akasema hakuna haja ya kuomba, shada ni elfu mbili. Muhidini ndiye aliyeyang'oa tena.

Akaaga, akaanza kutembea kurudi Kibiti. Hakufika mbali, akasikia bajaji nyuma yake. Ilipunguza mwendo. Ilikuwa imewapakia Habiba na mwenzake na maua yao, na Ismaily alitoa kichwa.

"Kibiti elfu mbili, kaka."

Muhidini alikuwa na noti moja tu, nayo ilikuwa hiyo. Akapanda, akabanwa pembeni, nailoni ya kiti ikilia chini yake. Habiba alikuwa amepakata mashada yake kama mtoto mchanga. Hakumpa Muhidini lawama yoyote, labda kwa sababu alikuwa anafikiri mambo mengine.

"Bibi yangu," akasema, "mafuriko yale makubwa yalimpitia mpaka mbao za ubavuni zikaonekana. Tulimrudishia udongo kwa mikono, mvua nyingine ikauchukua. Nilikuwa nalia nikipita pale." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Sasa atalala."

Muhidini alifungua mdomo. Yeye ndiye pekee ndani ya bajaji ile aliyejua kwamba mila yenyewe ilizaliwa saa tisa mchana. Lakini alikuwa ameyang'oa maua yale mara tatu. Alijua, kwa mgongo wake na kwa goti lake, jinsi yanavyoushika udongo. Akamkumbuka mama yake kule Kipatimu, mlimani, kaburi liko kwenye mteremko, kila masika mvua inalila upande mmoja. Miaka minane hakufika. Siku zote alikuwa anatoka mji huu kwa haraka kwenda mji ule, na Kipatimu haikuwa njiani.

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kazini. "Nigawie shada moja. Nina mama yangu."

"Tumenunua, kaka. Elfu mbili."

Akatoa noti yake, akampa. Habiba akamchagulia shada lenye mizizi mingi, akamfungia kwa kipande cha kanga kilicholowa.

Ismaily alikuwa anatazama kwenye kioo. Akasimamisha bajaji. "Na nauli?"

Muhidini akashuka. Bajaji ikaondoka, nyekundu, ikapotea kwenye kona ya mikorosho. Akalishika shada kwa mikono miwili ili udongo usimwagike, akaanza kutembea polepole, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hapakuwa na mtu nyuma anayemfukuza.